Jelatini ya Samaki wa Bwawani

2 Machi, Jumatatu

Nimeanza kuandika kwa sababu jana nilijikuta naliambia birika, "Haya, chemka basi, mbona unanichelewesha?" halafu nikangoja, kana kwamba litajibu. Mtu akishafika hapo, afadhali aongee na karatasi.

Basi nijieleze, japo hakuna aliyeniuliza. Mimi ni fundi wa maabara. Nina miaka hamsini na minne. Mke wangu alifariki, huu ni mwaka wa tatu, na watoto hatukujaliwa. Mwezi wa kwanza nilihamishiwa hospitali hii, katika mji ambao simjui mtu. Nimepanga chumba na jiko kwenye nyumba ndefu yenye milango mitatu: mmoja una kufuli, wa kati ni wangu, na wa tatu ni wa mtu mwenye cherehani. Mwenye cherehani sijamwona sawasawa. Namsikia tu ukutani.

Kazini tuko wawili, mimi na Dokta. Yeye ndiye anayesoma vioo kwenye hadubini na kutoa majibu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkali, hana muda wa salamu ndefu. Ananiita mzee. Leo nimemwambia mimi bado si mzee. Akajibu, "Sawa, mzee."

Mvua zimeanza.

5 Machi

Mvua. Paa la maabara linavuja juu ya kiti changu, si pengine popote.

9 Machi, Jumatatu

Chupa ya jelatini imefika mwisho. Nieleze hili vizuri maana ndiyo kazi yangu, na kazi ndiyo niliyobaki nayo.

Vinavyotufikia kwa wingi ni vipande vya uvimbe wa titi. Nakikata kipande kiwe chembamba kupita karatasi, nakibandika kwenye kioo, kisha nakidondoshea kingamwili. Kingamwili ile inatafuta kitu kimoja tu, kipokezi cha homoni. Ikikipata inakishika, na nikitia rangi, pale panakuwa kahawia. Kahawia ni habari njema: mgonjwa atameza kidonge kimoja kwa siku akiwa kwake. Pasipopata rangi, kidonge hakitamsaidia, na hapo ni dripu ya dawa kali za saratani, katika hospitali kubwa, mwendo wa siku nzima kutoka hapa.

Tatizo ni kwamba kingamwili hunata popote. Kwa hiyo kwanza unapaka jelatini ya samaki, inaziba kila mahali patupu, ili kingamwili isipate pa kushika ila pale inapopatafuta. Bila jelatini kioo chote kinageuka kahawia na hujui lolote. Tulijaribu maziwa ya unga, hayakufaa. Isitoshe, lile kopo lilikuwa linaisha upesi ajabu, na mimi chai yangu huwa ya rangi.

Oda ya jelatini iko njiani tangu mwaka jana.

"Tufanyeje, mzee?" akauliza Dokta. "Tufunge, tuwaambie wagonjwa wasubiri?"

"Jelatini ni ngozi ya samaki tu, Dokta. Inapikwa, inachujwa. Ngozi zipo."

"Unaweza?"

"Naweza."

Sijui kilichonituma. Tangu nihamie hapa hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza kitu.

11 Machi

Nyuma ya soko kuna mama anayeuza minofu ya samaki wa bwawani. Ngozi huwa anatupa. Nikamwomba.

"Za paka?" akauliza.

"Za maabara."

"Kaka, useme tu kama una paka. Si aibu."

Dokta amekataa nipikie hospitalini, anasema harufu itawakimbiza wagonjwa wachache waliokwisha kupata nafuu. Nikapikia kwangu. Ngozi zililala kwenye siki, nikazisuuza, nikaziweka kwenye maji ya moto yasiyochemka, nikakaa nazo. Harufu ilijaa chumbani, ikatoka uani, ikaingia kwa jirani. Ukuta ukagongwa.

"Wewe jirani! Umekufa humo, au unampika aliyekufa?"

Nikatoka. Alikuwa mlangoni kwake, futi ya kupimia nguo shingoni, pini zimechomekwa begani. Ananizidi umri kidogo.

"Samahani sana, dada. Ni ngozi za samaki, za kazini."

"Kazi gani inayonuka hivi?"

"Maabara ya hospitali."

"Basi wagonjwa wenu wana moyo." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Una magamba kwenye nyusi, Bwana Magamba." Akaufunga mlango.

Nilijitazama. Kweli yalikuwepo.

13 Machi

Nimepika tena. Ukuta umegongwa tena. Nimefurahi, sijui kwa nini.

17 Machi, Jumanne

Leo nimeijaribu jelatini yangu. Kila tukifanya kipimo huwa tunaweka kipande tunachokijua, ambacho lazima kiwe kahawia. Tunakiita shahidi. Shahidi akikataa kusema, hatuwaamini wengine. Nilimpaka jelatini ya bwawani pale mezani, nikamtia kingamwili, nikamtia rangi. Dokta akainama kwenye hadubini, akakisogeza kioo huku na huku.

"Mzee," akasema, "hii ni safi kuliko ya dukani."

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea, sina hata haraka. Nilipofungua mlango ndipo nikakumbuka hakuna wa kumwambia. Nilikaa kitandani na viatu vyangu vilivyolowa. Hii ndiyo saa ninayoichukia, baada ya kufungua mlango.

Baadaye nikaenda kugonga ukuta. "Dada! Kile kitu kimekubali!"

Cherehani ikanyamaza. "Kitu gani?"

"Ngozi za samaki!"

"Haya, hongera, Magamba. Sasa zitoe ndani."

20 Machi, Ijumaa

Jirani mwenye cherehani, ambaye sasa namwita Dada Fundi, kanialika chai. Chumba chake ni kama changu, ila chake kina uhai: nguo zimening'inia kila upande, nusu shati, nusu gauni, mikono bila kiwiliwili. Ana mdomo, na anajua kuutumia. Mume alimwacha zamani, ndugu pekee aliye naye ni mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, anayefanya kazi kwenye ule mji wa hospitali kubwa.

Akaniuliza habari za mke wangu. Nikamwambia. Akauliza angekuwa na miaka mingapi sasa.

"Hamsini."

"Basi ni mdogo wangu. Kwa hiyo wewe ni shemeji yangu, na nina haki ya kukusema. Hizo suruali zako zimekaa vibaya mno, shemeji. Nani alikushonea, adui?"

Nimecheka hadi nikapaliwa. Nilikuwa nimesahau mwili unavyouma mtu akicheka.

21 Machi

Amenipunguzia suruali mbili. Amekataa malipo, kasema nimlipe kwa kutopika samaki siku za Jumamosi.

25 Machi, Jumatano

Leo alinisimamisha uani, nguo za kuanikwa mkononi, hana utani.

"Shemeji, wewe unafanya kazi hukohuko. Mtu akiwa na kitu kwenye titi, kigumu, hakiumi, hicho ni kitu gani?"

"Mtu gani?"

"Mtu."

Nikamwambia mtu huyo aende kesho asubuhi, asisubiri mvua ikatike. Akasema ana sare za shule za watu hazijaisha. Nikasema sare zitashonwa hata na kipofu. Akaniangalia. "Unapandisha sauti, shemeji." Kweli nilikuwa napiga kelele, na majirani wa ng'ambo walikuwa wanatazama.

30 Machi, Jumatatu

Kingamwili nayo inaelekea kuisha. Dokta ameamua tuizimue zaidi, halafu vioo vilale nayo kwenye friji hadi asubuhi badala ya kukaa nayo saa moja mezani. Ni njia inayojulikana, kiasi kidogo kinafanya kazi ileile kwa muda mrefu. Mimi nachanganya kingamwili na jelatini yangu, nadondosha, nafunika sinia, nalitia kwenye friji. Asubuhi nalitoa, naliweka mezani, naenda kutengeneza chai. Nikirudi naosha na kutia rangi.

Kipande cha shahidi nacho kimebaki kidogo sana. Nikamwambia Dokta nitakuwa namfanya shahidi mchana, mezani, mara moja kwa wiki, wagonjwa ndio walale kwenye friji. Akasema sawa, bila kuinua macho.

3 Aprili

Vioo vinatoka safi, vyeupe, havina hata doa. Dokta anasema hajawahi kuona usafi wa namna hii. Kichwa kimenivimba, nakubali.

8 Aprili, Jumatano

Kipande cha Dada Fundi kimefika. Kina namba tu, lakini aliniambia siku aliyokatwa, na siku hiyo alikatwa mmoja. Nimekiandaa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Nilikipaka jelatini, nikakipaka tena. Nilikisemesha pia, lakini hilo nisiliandike.

10 Aprili, Ijumaa

Cheupe. Hakuna kahawia hata kidogo. Dokta ameandika: hakuna kipokezi.

Nilimwomba aangalie tena. "Mzee, unamfahamu?" Nikasema ni jirani. Akaangalia tena, nikashukuru kwa hilo, na jibu likawa lilelile.

14 Aprili, Jumanne

Ameniambia mwenyewe, nikajifanya ndiyo kwanza nasikia. Dripu, kwenye hospitali kubwa. Ataishi kwa mpwa wake. Anaanza tarehe ishirini na nne, nafasi wameshampa. Chumba atakirudisha kwa mwenye nyumba, maana hajui atakaa huko muda gani, wala kama atarudi.

"Utapumzika na kelele zangu, shemeji."

Nikajibu kitu cha kipuuzi, eti cherehani haina kelele sana. Jingine nililotaka kusema sikulisema.

15 Aprili

Mvua kutwa.

17 Aprili

Anafungasha. Nasikia masanduku yakiburutwa. Nimekula mkate nikiwa nimesimama.

19 Aprili, Jumapili

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi sikuweza kukaa ndani. Masanduku yalikuwa yakiburutwa upande wa pili tangu alfajiri. Jumapili sina pa kwenda, basi nikaenda kazini. Kulikuwa na sinia kwenye friji tangu jana, la kuoshwa kesho. Nikasema nilioshe leo, angalau mikono ipate shughuli.

Sikwenda kutengeneza chai. Ndiyo tofauti yote hiyo. Nililitoa sinia, nikashika kioo cha kwanza nikakiinamisha ili kimwage, matone hayakutiririka. Nikakiinamisha zaidi. Yakabaki palepale, yanatikisika. Nikayagusa kwa ncha ya sindano. Yalikuwa yameganda.

Nikakaa kwenye kiti changu kinachovujiwa, nikayatazama yakiyeyuka polepole kwa joto la chumba. Kwa muda ule ambao siku zote huwa niko kwenye chai, yalikuwa yamerudi kuwa maji, na mtu asingejua kitu.

Jelatini ya dukani inatoka kwa samaki wa bahari za baridi. Hiyo haigandi hata ukiitia kwenye friji, ndiyo maana inanunuliwa. Samaki wangu amekulia bwawani, kwenye maji ya uvuguvugu, na jelatini yake ikipata baridi inashikana. Nilisoma haya nikiwa kijana chuoni. Nilikuwa nayajua! Niliijaribu mezani, mchana, kwenye joto, nikamwagiwa sifa, nikaridhika. Tangu tuanze kulaza vioo, kingamwili imekuwa ikinaswa kwenye ute huo hadi asubuhi, haifiki kwenye kipande. Vioo vilikuwa safi kwa sababu hakuna kilichotokea juu yake. Na shahidi, ambaye angepiga kelele, mimi mwenyewe nilimtenga nao nikamweka mezani.

Wagonjwa wote wa wiki tatu, vioo vyao vyeupe mfululizo, na hatukushtuka, tukauita usafi. Na namba ile ya Dada Fundi.

Hapo ilinipasa niende kwa Dokta. Nyumba yake naijua, ni jirani na geti la hospitali. Nilipita mbele yake. Nilikuwa karibu kukimbia, miguu yote matope, nikaenda kugonga mlango wa tatu.

"Usiende," nikasema kabla hajafungua vizuri. "Lile jibu si jibu. Nimekosea mimi."

Akaniketisha kwenye sanduku. Nikamweleza samaki, friji, yote. Alisikiliza huku anazungusha pini vidoleni.

"Kwa hiyo inawezekana ni kidonge?"

"Inawezekana."

"Inawezekana, au ni kidonge? Niambie vizuri, shemeji. Nina nafasi ya tarehe ishirini na nne, nikiiacha imekwenda."

Nikamtazama usoni nikamwambia, "Kwa ninavyokijua kipande kile, ni kidonge."

Sikijui chochote kuhusu kipande kile.

20 Aprili, Jumatatu

Nimemwambia Dokta. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa, akavua miwani, akasema, "Wote?"

"Wote waliolala kwenye friji."

"Na shahidi?"

"Nilimfanya mezani."

"Na mimi nikasema sawa." Akapiga meza kwa kiganja, mara moja. "Nikikuita mzee, nakuita kwa sababu nadhani unajua ninachosahau!"

Hilo limeniuma kuliko tusi. Baada ya hapo akashika simu. Amewapigia wagonjwa mwenyewe, mmoja mmoja, asubuhi yote. Nilikuwa chumba cha pili, namsikia: "Tumekosea sisi maabara. Naomba radhi. Tunarudia." Jina langu hakulitaja hata mara moja. Nilikuwa namwona mtu wa majivuno. Sikumjua kabisa.

Jioni amepata hospitali ya kutuazima kingamwili. Itafika wiki ijayo. Hatutaizimua wala kuilaza, na shahidi atakuwa sinia moja na wagonjwa.

Dada Fundi nilisema nitamwambia mimi, kwa kuwa ni jirani; sikusema kwamba nilishamwambia.

22 Aprili

Dada Fundi kaghairi safari. Mpwa wake alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kumchukua, akaambiwa asije. Masanduku yamefunguliwa. Leo tumekula pamoja, kwake, kaniwekea kiti chenye mto.

24 Aprili, Ijumaa

Ni siku ambayo angeanza dripu. Badala yake anashona pazia la dirisha langu. Anasema mwanaume asiye na pazia hana siri, na mtu asiye na siri hana la kusimulia.

"Kidonge kimoja tu kwa siku?" ananiuliza tena.

"Kimoja."

"Asubuhi au jioni?"

"Wakati wowote, mradi iwe saa ileile."

"Nitameza asubuhi, na chai." Amepanga kila kitu.

Nimefurahi leo kuliko siku yoyote ya miaka hii mitatu, na kila nikifurahi nasikia woga. Nilijiuliza njiani: ningelikuta ute ule, halafu jirani huyu akawa ni mtu nisiyempenda, ningekimbilia mlangoni kwake Jumapili ileile? Nisingekimbia. Ningengoja kipimo kirudiwe, kama inavyotakiwa.

26 Aprili, Jumapili

Naomba kiwe kahawia. Naomba, naomba.

28 Aprili, Jumanne

Kingamwili ilifika jana. Leo tumerudia vyote, mchana, mezani. Shahidi kawa kahawia safi. Na kati ya wagonjwa, wengi tu wamebadilika. Dokta alikuwa anasoma kwa sauti, na kila akisema "kahawia" nilikuwa nashusha pumzi. Watu ambao tulikuwa tumewanyima kidonge chao. Mmoja alikuwa ameshauza mbuzi wake ili apate nauli.

Namba ya Dada Fundi ilikuwa karibu na mwisho. Dokta akainama. Akazungusha kirungu cha hadubini, akarudisha, akaondoka kitini.

"Njoo uangalie mwenyewe, mzee."

Cheupe. Na shahidi yuko ubavuni mwake, kahawia, anasema kweli. Uvimbe ule haukuwa na kipokezi hata siku ya kwanza. Jibu letu bovu lilikuwa limebahatisha.

"Pole," Dokta akasema. "Lakini angalau yeye hatukumpotezea muda. Alikuwa aanze Ijumaa, si ndiyo?"

Nikaanza kuvirudisha vioo kwenye kisanduku chake, kimoja kimoja.

29 Aprili, Jumatano

Jana sikumwambia. Nilipita mlangoni kwake kimyakimya, kama mwizi, nikalala bila kuwasha taa. Leo jioni nimekwenda.

Alikuwa anapiga pasi. Alipoona uso wangu aliisimamisha pasi pembeni, akachomoa waya, akakaa.

"Sema."

"Ni dripu, dada."

"Ulisema ni kidonge."

"Nilisema."

"Ulikuwa umekiona kipimo?"

"Hapana. Kilikuwa hakijarudiwa."

"Kwa hiyo ulisema tu."

"Nilisema tu."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati, nikaomba iongezeke, ili nisisikie kitakachofuata.

"Nilikuita?" akauliza. "Au ulinijia mwenyewe mlangoni?"

"Nilikuja mwenyewe."

"Ungengoja wiki moja, ungekufa? Mimi ningekuwa nimeshaanza. Nafasi yangu kapewa mwingine, shemeji. Leo asubuhi, kabla sijajua lolote, mpwa wangu ananiambia kwenye simu, mama mdogo, nilishapanga kila kitu, umenivuruga. Nikamcheka. Nikamwambia mimi nina mtu wangu maabara."

Nikasema samahani. Nikalirudia neno hilo mara nyingi, hadi likawa halina ladha.

"Acha," akasema. "Ulipokosea na samaki wako, hilo ni kosa, watu wanakosea. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati la bwana harusi. Lakini hili la pili hukukosea. Ulijua hujui, ukaniambia unajua. Kwa nini?"

Nilitazama chini. Mkeka wake una uzi wa kila rangi.

"Sikutaka uondoke," nikasema.

Nilidhani atalainika. Alikasirika zaidi, machozi yakamtoka kwa hasira, akayafuta kwa futi ya kupimia.

"Ungesema hivyo! Ungesema, dada, usiende, nitabaki peke yangu. Hilo ningelijibu. Ningekuambia nami naogopa, twende wote, au nitarudi, au lolote. Mtu anajibiwa. Wewe ukanipa kidonge cha uongo nimeze, ili ukae na mtu wa kula naye." Akachomeka tena waya wa pasi. "Nenda kwako."

Nimekuja kwangu. Pazia alilonishonea limening'inia. Nimekaa kulitazama, na sijui la kufanya na mikono yangu.

30 Aprili

Ukuta kimya. Hashoni.

2 Mei, Jumamosi

Mpwa wake kaja na gari la kuazima. Wamempa nafasi nyingine, tarehe nane. Niliposikia wanahangaika na cherehani nikatoka nikaishika upande mmoja. Dada Fundi hakusema ndiyo wala hapana, aliniacha niibebe. Ni nzito kuliko inavyosikika. Mpwa akasema, "Asante, mjomba." Dada Fundi alikaa mbele, akaangalia mbele. Gari likaondoka.

3 Mei

Nimepiga simu. Haikupokelewa.

5 Mei

Haikupokelewa.

8 Mei, Ijumaa

Leo anaanza. Sikupiga. Nimeona ni afadhali simu isimsumbue.

Nimemwambia Dokta yote, hata lile la Jumapili. Alinisikiliza akiwa anaosha vikombe. "Nimeshaandika taarifa kwa mkuu wa hospitali," akasema. "Utapata barua ya onyo. Na mimi nimejiombea yangu. Hili jingine, mzee, hakuna barua yake." Kisha akanimiminia chai. Yenye maziwa.

13 Mei

Chupa za jelatini za dukani zimefika, tatu, zimefungwa vizuri. Sina raha nazo wala karaha. Nimepita kwa mama wa minofu kumwambia sihitaji ngozi tena. "Paka amekufa?" akauliza. Nikamwambia ndiyo.

18 Mei

Mvua inakatika. Chumba cha tatu bado hakijapata mpangaji. Jana mwenye nyumba alikifagia, akakuta pini nyingi sakafuni.

20 Mei

Mwanamke mmoja alikuja dirishani kuchukua nakala ya jibu la mama yake. Akasema mama anameza kidonge chake na amerudi shambani. Alikuwa hajui mimi ni nani katika habari hiyo. Nikasema tumefurahi, na nilikuwa nimefurahi kweli, nikashangaa kwamba furaha inaweza kukaa palepale na huzuni bila kusukumana.

22 Mei, Ijumaa

Mchana, nikiwa nakata vipande, simu imeita kwa ujumbe. Nilinawa mikono kwanza. Nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Dripu iliniangusha, sasa nimeinuka. Nywele zinanyonyoka. Kila kitu kinanuka samaki, hata maji. Bado nimekukasirikia."

Nilikaa kwenye kiti. Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika refu, lenye maelezo, nikalifuta nalo. Mwisho nikaandika: "Dada, niko peke yangu huku na sipendi. Naomba nikupigie."

Nikaiweka simu kifudifudi. Dokta alinipita mara mbili bila kuuliza kwa nini sifanyi kazi. Jibu lilikuja saa ya kufunga.

"Jumapili. Mpwa huwa anatoka, nabaki peke yangu kutwa, naogopa. Piga, nikukasirikie vizuri."

Jumapili ni kesho kutwa.